Katuni za Krismasi zisizomtaja Yesu: tuwawekee watoto au tuzizime?

Mleta mada

Wadau, salaam. Desemba ikikaribia, suala hili huleta mvutano katika familia nyingi za Kikristo, na leo naomba tulijadili bila kurushiana vijembe. Katuni nyingi za Krismasi tunazowawekea watoto nyumbani hazimtaji Yesu hata mara moja. Kuna Baba Krismasi, kulungu wanaoruka, theluji na zawadi, basi. Wapo wanaosema Mkristo hana sababu ya kuziingiza sebuleni mwake. Wengine wanasema ni burudani tu, tusiwakabe watoto.

Msimamo wangu ni kwamba kumtaja au kutomtaja Yesu si kipimo kizuri. Mimi huangalia filamu inasema nini kuhusu zawadi. Ikimwachia mtoto wazo kwamba Krismasi ni kupokea, hata malaika wakipita kila baada ya dakika tano haitanisaidia.

Chukueni How the Grinch Stole Christmas! ya 1966. Yule jamaa wa kijani anaiba kila kitu usiku, zawadi, mapambo, hadi chakula cha sikukuu, akitegemea kusikia vilio asubuhi. Kunakucha, watu wanashikana mikono na kuimba kana kwamba hawakupungukiwa na chochote. Biblia haimo humo, lakini ndani ya dakika 26 imegusa jambo ambalo wahubiri wengi hulizunguka mwezi mzima.

Au Klaus ya 2019, iliyoongozwa na Sergio Pablos. Mhusika wake mkuu ni tarishi mvivu, mtoto wa tajiri, aliyepelekwa kisiwani na kuamriwa apitishe barua 6,000 kwa mwaka mmoja. Anawashawishi watoto waandike barua za kuomba vitu vya kuchezea kwa faida yake mwenyewe, si kwa wema. Wema unakuja baadaye, tena unamnasa bila yeye kupanga. Filamu inayoonyesha tabia ikibadilika polepole namna hiyo ni adimu, iwe ya watoto au ya wakubwa.

Haya, karibuni.

Mwalimu wa Jumapili

Ndugu mleta mada, umechagua mifano inayokubeba. Mbona umeiruka The Polar Express ya 2004? Pale tatizo si kwamba Yesu hayumo. Tatizo ni kwamba imani yenyewe imehamishwa. Mtoto anayemtilia shaka Baba Krismasi hasikii mlio wa kengele. Akiamini, anausikia. Wakubwa walioacha kuamini hawausikii kabisa. Hiyo ni lugha ya kanisani tupu, imechukuliwa na kukabidhiwa mzee wa kubuni ambaye mtoto atagundua hayupo kabla hajamaliza shule ya msingi. Siku akigundua, atauliza na lile jingine tulilomwambia aamini bila kuona. Mimi nafundisha watoto. Swali hilo huja kweli, na huja likiwa na hasira.

Kwa hiyo Grinch nakupa. Ila usitwambie zote ni sawa mradi zawadi hazikutukuzwa.

Mleta mada

Mwalimu, Polar Express siitetei, na si kwa sababu yako tu. Zile nyuso zilizotengenezwa kwa kunasa miondoko ya waigizaji halisi zina macho yanayotisha watoto wadogo. Hoja yako kuhusu imani ni nzito kuliko nilivyotarajia kuipata hapa, lakini inaikataa filamu moja. Haikatai aina nzima.

Mama wa watatu

Nyie mnabishana kinadharia. Mimi nilitafuta katuni inayosimulia kuzaliwa kwenyewe nikaweka The Star ya 2017, ile inayofuata safari ya Mariamu na Yosefu kupitia macho ya punda. Wanangu walicheka sana. Walicheka na punda, walicheka na njiwa, wakaogopa mbwa wa Herode. Ilipoisha nikauliza hadithi ilihusu nini. Wote watatu: punda.

Sisemi ni mbaya. Lakini ukiweka wanyama wenye utani mbele na mtoto mchanga nyuma, mtoto anayetazama ataondoka na wanyama. Jina la Yesu kuwamo halikutosha.

Mwalimu wa Jumapili

Mama, walau sasa wanajua kulikuwa na safari ya kwenda Bethlehemu. Punda ni mlango. Ukishaingia unaendelea na Luka sura ya pili wewe mwenyewe, dakika tano tu.

Mpenzi wa katuni za zamani

Nashangaa tumefika hapa bila mtu kuitaja A Charlie Brown Christmas ya 1965. Hii ndiyo inayovunja ubishi wenu katikati. Mtoto anachoshwa na biashara ya Krismasi, anauliza kama kuna anayejua maana yake, na mwenzake anasimama jukwaani, taa zinafifia, anasoma kwa moyo Luka 2:8–14. Anamaliza, anaondoka. Hakuna muziki mkubwa wala mwanga wa kimiujiza.

Charles Schulz, mchoraji wake, alishikilia kipande hicho kibaki ingawa wenzake waliona ni hatari kusoma Biblia kwenye katuni ya televisheni. Wakuu wa CBS, kituo cha televisheni cha Marekani kilichoirusha, walipoonyeshwa hawakuipenda: waliiona ya polepole, muziki ni jazi, sauti ni za watoto halisi, na haina vicheko vya kurekodiwa. Watazamaji wakaipenda mno.

Ila kuna kichekesho hapo. Filamu hiyo inayolaumu biashara ililipiwa na Coca-Cola, na jina la kampuni lilikuwamo kwenye matangazo ya mwanzo kabla halijakatwa miaka ya baadaye.

Mchangiaji mbishi

Umenitangulia kwenye biashara, mkuu. Na Rudolph je, kulungu mwenye pua nyekundu? Hakutoka kanisani wala kwenye ngano za kale. Robert L. May alimwandika 1939 kwa ajili ya kijitabu cha duka kubwa la Marekani, Montgomery Ward, kilichogawiwa bure ili kuvuta wateja. Katuni ya vikaragosi ikaja 1964.

Na ujumbe wake wenyewe haunipendezi. Wenzake wanamcheka, baba yake anamficha pua, hata Baba Krismasi anamwambia baba huyo aone aibu. Dhoruba ya theluji ikizidi na pua ikihitajika, ghafla kila mtu anampenda. Mnamfundisha nini mtoto mwenye ulemavu? Kwamba atakubalika siku akiwa na faida? Mimi hiyo ndiyo ningeizima kwanza, na wala simo kwenye ugomvi wenu wa dini.

Mleta mada

Hapo mbishi umesema. Kwa kipimo changu cha zawadi Rudolph angepita, na wala sitaki apite.

Lakini hebu nigeuze upande. The Snowman ya 1982 inaingia wapi? Mtoto anaunda mtu wa theluji, usiku wanaruka pamoja, asubuhi ameyeyuka. Haina mazungumzo, wimbo mmoja tu, kwa hiyo hata mtoto asiyejua Kiingereza anaifuata yote. Kitabu cha Raymond Briggs hakikuwa na Krismasi kabisa, Baba Krismasi aliongezwa na watengeneza filamu. Ni hadithi ya kupoteza unayempenda. Mwalimu, hiyo utaizima?

Mwalimu wa Jumapili

Siizimi. Lakini si ya Krismasi, umesema mwenyewe. Ningeiweka mwezi wowote, na siyo usiku kabla ya kulala, maana wapo watakaolia. Tarehe 24 naweka Charlie Brown, kwa sababu haifiki hata nusu saa na inaniachia muda wa kuzungumza nao. Hizi za saa moja na nusu watoto huwa wameshalala kabla ya jambo la maana.

Mama wa watatu

Mwalimu, nusu saa ya katuni ya 1965 kwa watoto waliozoea rangi za sasa? Wangu wa mwisho atauliza kama televisheni imeharibika.

Mpenzi wa katuni za zamani

Dada, kaa naye. Ukimwachia rimoti na kwenda jikoni, hata hiyo Klaus haitamfaa. Ukikaa, kale kamti kadogo ka Charlie Brown kanakoinama kwa uzito wa pambo moja katamchekesha, halafu ataanza kukahurumia.

Mama wa watatu

Sawa, nitajaribu hiyo ya mti. Ila Grinch nataka kujua: ile ya 1966 au ile mpya ya 2018? Maana ya pili imempa utoto wa uyatima ili tumwonee huruma, na wanangu walimpenda tangu dakika ya kwanza. Sasa wizi wake una uzito gani tena?

Mchangiaji mbishi

Ya 1966. Mwovu aachwe awe mwovu kidogo, watoto wanaweza kumvumilia.