Naomba ushauri: mkalimani mhamiaji anayetaka kuandika riwaya ya upelelezi

Mkalimani wa Zamu:
Ndugu wanajukwaa, huu ni mwaka wangu wa 9 ugenini, na riziki yangu ni ukalimani katika mahojiano ya polisi. Nimeandika kurasa 140 za riwaya ya upelelezi kwa lugha ya wenyeji, lakini kila nikizirudia naziona zimepauka, kana kwamba zimeandikwa na mtu aliyekariri kamusi. Kisa kinaanzia kwenye jambo lililonitokea: mshukiwa alisema "nilimmaliza", akimaanisha kwamba alimshinda kwa maneno, nami nikanyamaza nikilipima neno hilo huku kalamu ya askari ikisubiri juu ya karatasi. Je, nirudi kwenye Kiswahili? Na je, ninaruhusiwa kulitumia tukio lenyewe?

Msomaji Mkongwe:
Usikate tamaa mapema. Qiu Xiaolong, mzaliwa wa Shanghai, alikwenda St. Louis, Marekani, mwaka 1988 kumtafiti mshairi T. S. Eliot, baada ya maandamano ya uwanja wa Tiananmen, Beijing, kuzimwa kwa nguvu mwaka 1989 akabaki huko, akageukia kuandika kwa Kiingereza, na riwaya yake ya kwanza ya Inspekta Chen ikatoka mwaka 2000. Hiyo ni miaka 12. Angalia pia kwamba alibadili lugha, lakini mpelelezi wake alimwacha Shanghai. Georges Simenon, mwandishi wa riwaya za upelelezi, Mbelgiji aliyehamia Paris akiwa na miaka 19, alifanya kinyume chake: mji ulikuwa mgeni kwake, lugha ikabaki Kifaransa chake kilekile. Wewe umejitwika vyote viwili kwa mkupuo mmoja.

Mwanasheria Mstaafu:
Nashangaa swali zito limewekwa mkiani. Mkalimani hufungwa na wajibu wa kutunza siri, na kubadilisha majina hakutoshi, kwa sababu neno hilo likiwa limeandikwa kwenye maelezo ya mshukiwa, wakili wake atalitambua mara moja. Tunga neno jingine lenye utata wa namna hiyo. "Nilimweka sawa", kwa mfano, inaweza kuwa kumpatanisha mtu au kumtandika. Tena hata hapa umeshasema mengi. Ningekuwa wewe, ningewaomba wasimamizi waifute sentensi ile.

Mkalimani wa Zamu:
Shikamoo mzee, nimekwisha kuwaomba. Nimejaribu "nilimweka sawa" usiku huu huu. Kwa Kiswahili msomaji anaupata utata wake papo hapo, ilhali kwa lugha ya wenyeji imenilazimu kuandika aya nzima ambamo mkalimani anazipima maana zote mbili, anamtazama mshukiwa mikononi, kisha anachagua moja. Nahofia aya hiyo inachelewesha kisa, na nilikuwa karibu kuifuta.

Msomaji Mkongwe:
Usiifute. Katika kurasa zote 140 ulizotueleza, hiyo ndiyo ya kwanza niliyotamani kuisoma, na mtu asiyejua Kiswahili ndiye anayeihitaji zaidi. Endelea na lugha ya wenyeji, na mkalimani mwenyewe awe ndiye msimulizi.

Mwanasheria Mstaafu:
Marahaba. Naunga mkono, ila mkataba wako wa kazi usome kwanza.