Mjadala: Maksi za testi bila karatasi zinamsaidia nani?

Wakuu, nasimamia seminari kwenye chuo kimoja hapa Dar, na hili nataka tubishane bila kuoneana haya.

Vyuo vyetu vingi vinagawa maksi hivi: 40 za kazi za muhula, 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Zile 40 tunaziita tathmini endelevu. Ninachokiona ni testi kufanyika katikati ya muhula, kisha namba kubandikwa siku chache kabla ya UE. Karatasi harudishiwi mtu. Mwanafunzi anaona 11 kati ya 20, anapiga hesabu ya zinazomtosha kuvuka, basi. Amekosea wapi hajui, na kosa lile lile tunakutana nalo kwenye sapu, mtihani wa marudio wa waliofeli.

Juzi nimeshika karatasi ya takwimu ya binti mmoja. Hesabu zake safi, hatua zote zipo, ila kila penye varianzi ya sampuli amegawanya kwa n (idadi ya data) badala ya n kutoa 1. Maswali matatu yameharibika kwa kosa moja. Mstari mmoja wa kalamu nyekundu ungemtosha, kama karatasi ingemfikia.

Nchi hii ilishalisema jambo hili. Azimio la Musoma la 1974, la chama cha TANU, lilitaka mwanafunzi apimwe pia kwa kazi zake za kila siku, si kwa mtihani wa mwisho peke yake. Tumebaki na mgawanyo wa maksi, lengo tumeliacha njiani.

Pendekezo langu: testi irudi ndani ya wiki mbili ikiwa na maoni, maksi zifuate baadaye. Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 utafiti wa wanafunzi wa shule huko Israel. Waliopewa maoni peke yake, bila maksi, walisonga mbele. Waliopewa maoni pamoja na maksi hawakufaidika hivyo. Jicho likishaona namba, maoni hayasomwi.

Mhadhiri:
Ndugu yangu, unalisema kirahisi. Darasa langu lina watu 500, wengine wanakaa ngazini. Dakika tano kwa kila karatasi ni zaidi ya saa 41, na nina kozi nyingine mbili. Halafu kazi za nyumbani siku hizi zinaandikwa na ChatGPT. Kwenye UE ndipo ninapokuwa na hakika kwamba jibu ni la mwenye namba ya mtihani. Mimi ningeipandisha UE.

Mwanafunzi, mwaka wa pili:
Shikamooni walimu. Vimbwetani, kwenye meza zetu za kujisomea nje, tunajadili mitihani ya miaka ya nyuma kwa sababu yetu wenyewe hatuna. Karatasi zikirudi tutajadili makosa yetu. Ila maksi msizicheleweshe jamani. Mtu anayeogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, anataka kujua amesimama wapi.

Mwanzisha mada:
Mdogo wangu, hapo umenishinda: zitoke siku tatu baada ya maoni, zisipite hapo.

Mwalimu, hesabu yako ya saa 41 siipingi. Lakini watu 500 hawakosei kwa namna 500. Ukishapitia karatasi 60 utaona makosa yale yale yanajirudia. Yapitie ubaoni kwa nusu kipindi, kila mtu akiwa na karatasi yake mkononi, na kwenye seminari wasahihishiane kwa mwongozo wako. Kuhusu ChatGPT tuko pamoja, ndiyo maana nataka testi fupi za darasani, dakika 15, mara kwa mara. Zina faida nyingine pia: wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima kwa kukumbuka walihifadhi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma.

Zile 60 za UE sijaomba ziguswe. Naomba karatasi irudi kwa mwenyewe. Anayeona haiwezekani idarani kwake atuambie kinachozuia: ni wingi wa wanafunzi, ni kanuni ya kutunza karatasi, au ni mazoea tu?