Mwani na damu nyepesi, ni kweli?

mdadisi: Wakuu, hivi kweli mwani una kitu kinachofanya damu iwe nyepesi kama dawa ya heparini? Mzee anatumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), nikawaza nimnunulie vidonge vya mwani

kapilari: Kipo, fukoidani, cha mwani wa kahawia, Kylin wa Uswidi alikitoa 1913. Ni sukari ndefu zenye salfeti kama heparini (inayotoka utumbo wa nguruwe, wengi hawajui), zinabana thrombini (protini inayogandisha damu) damu isigande haraka, ila ukimeza inafika kidogo tu kwenye damu

Mama K: Usimpe bila daktari jamani!! Inaweza kuongeza kuvuja damu, halafu mwani una vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini, INR (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda) itayumba

mdadisi: Duh, akipishanisha masaa je?

Mama K: Haisaidii, wafarini inakaa mwilini siku kadhaa