Kile kidude cha kufungia mkufu kinaitwaje?

MamaShanga: Wadau, nisaidieni. Natunga shanga hapa Tandika. Jana nimeenda Kariakoo kutafuta kile kidude cha mwisho wa mkufu, chenye umbo la gando la kaa na kaulimi unakovuta kwa ukucha. Nikasema "kifungo", muuzaji kanimwagia vifungo vya shati! Nikamwonyesha shingoni, akacheka: "Si useme loki, mama." Kiswahili chake ni kipi?

FundiCherehani: Kifungo ni cha shati, na cha jela pia, hahaha. Kale ka sidiria, au ka gauni pale juu ya zipu, mimi naita kulabu. Cha mkanda ni bizimu, ila litaje dukani uone kijana anavyokutolea macho.

BabuK: Marehemu bibi aliita bizimu hata ile ya kubania nguo kifuani. Pini yenye kofia, ile ya nepi, Mmarekani Walter Hunt alipata hataza yake (haki ya mvumbuzi) 1849, akaiuza kwa dola 400 tu. Masikini!

MamaShanga: Shikamoo babu, asante. Kesho naenda na mkufu wenyewe mkononi.

FundiCherehani: Hiyo loki uijaribu kwanza, dada. Zile nyepesi ulimi haurudi.