Kongosho la mama limevimba ilhali hajawahi kunywa pombe: chanzo ni nini?

BintiMuheza: Habari za jioni, ndugu zangu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, amelazwa baada ya kushikwa ghafla na maumivu makali juu ya kitovu, yaliyopenya hadi mgongoni, huku akitapika kila alichokunywa; nafuu kidogo aliipata alipoketi na kuinama mbele. Vipimo vya damu na ultrasaundi vimeonyesha kwamba kongosho limevimba na kwamba mfuko wa nyongo una vijiwe. Mama ni mtu wa swala tano, hajaonja pombe maishani mwake, na maneno ya baadhi ya jamaa waliokuja kumjulia hali yamemuumiza sana. Naomba kueleweshwa ugonjwa huu unatoka wapi, na kwa nini anapewa dripu na dawa za maumivu tu, bila antibayotiki.

TabibuWaWodi: Pole sana, dada, na mama umpe pole zetu. Jamaa hao waambiwe kwamba vyanzo vikuu vya ugonjwa huu ni viwili, vijiwe vya nyongo na pombe, na mama ana hicho cha kwanza. Kongosho hutengeneza juisi yenye vimeng'enya vya kusaga chakula, ambavyo kwa kawaida havianzi kazi mpaka vifike kwenye utumbo mwembamba. Mrija wa juisi hiyo hukutana na mrija wa nyongo karibu kabisa na utumbo, kwa hiyo kijiwe cha milimita chache tu kikiponyoka na kunasa hapo, juisi hukosa njia, na vimeng'enya huanza kazi vikiwa bado ndani ya kongosho, vikalimeng'enya lenyewe. Uvimbe wa namna hiyo haukuletwa na bakteria, ndiyo maana antibayotiki hazitolewi mpaka pawe na dalili za maambukizi. Dripu nayo isidharauliwe, kwani maji mengi huvuja kutoka kwenye mishipa ya damu, na yasiporudishwa figo hudhurika.

Ninalokusihi ulifuatilie ni upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo. Ikiwa ugonjwa wake si mkali, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi, inafaa ufanyike kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa kuwa vijiwe vilivyobaki vinaweza kurudisha shambulio lile lile ndani ya wiki chache.

MuuguziPwani: Naongeza kuhusu chakula, maana ndugu wengi huogopa kumlisha mgonjwa. Zamani tuliwafungisha kwa siku kadhaa. Siku hizi, kutapika kukipungua, mgonjwa huanza kula hata ndani ya saa 24, chakula laini kisicho na mafuta mengi, ila msimpe chochote kabla ya kuwauliza wauguzi wa zamu. Mwiteni mhudumu mara moja mkiona anahema kwa shida, mkojo umepungua sana, homa imepanda, macho yamekuwa ya manjano, au anaongea maneno yasiyoeleweka.

KakaMkubwa: Nami niulize, daktari. Mdogo wangu ana selimundu, na kila akilalamika tumbo huambiwa kuwa ni maumivu ya selimundu. Je, naye anaweza kupata ugonjwa huu?

TabibuWaWodi: Anaweza, ndugu yangu, na umeuliza jambo muhimu. Katika selimundu chembe nyekundu za damu huvunjika kwa wingi, na mabaki yake huganda kuwa vijiwe vya nyongo hata kwa watoto. Akipata maumivu ya juu ya tumbo yanayokwenda mgongoni pamoja na kutapika, ombeni apimwe lipesi, kimeng'enya cha kongosho, ambayo hubaki juu kwenye damu kwa siku nyingi kuliko amilesi, kimeng'enya kingine cha kongosho. Ikifika mara 3 au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu ya aina hiyo, ugonjwa umethibitika. Na hata majibu hayo yakiwa mazuri, afanyiwe ultrasaundi ya mfuko wa nyongo.