Naomba ushauri: nataka kusomea upasuaji, nina mtoto anayenyonya

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni daktari wa kike, nafanya kazi Mtwara. Tangu nikiwa intani moyo wangu uko chumba cha upasuaji. Sasa nina mtoto wa miezi 7. Njia ya COSECSA (chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini) ni miaka 5 (2 ya mwanzo, kisha 3 ya ubingwa), na Dar, ambako ningesomea, ni zaidi ya kilomita 500 kutoka alipo mume wangu.

Mkubwa mmoja kazini aliniambia, "Wewe ni mama, kasomee ngozi." Iliniuma sana, maana usiku mjamzito akikwama, mimi ndiye ninayeamshwa kumpasua.

Mama mkwe yuko tayari kulea. Dada zangu mliopita huko, operesheni ikichukua saa nyingi mlikamua maziwa saa ngapi? Nianze sasa, au nisubiri atimize miaka 2?