Granada kwa miguu, inawezekana?

Swali: Wadau, natoka Dar, nitakuwa Granada, Hispania, siku moja. Ngome ya Alhambra na mtaa wa kale wa Albaicín naweza kutembea tu?

Jibu: Unaweza dada, ila ni vilima. Tiketi ya Alhambra kata mapema; majumba ya kifalme yana saa yake ya kuingia, na pasipoti usiiache. Humo ndani usikimbie! Plasta imechongwa "Wala ghaliba illa Allah" (hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu) ukuta baada ya ukuta. Mji ulitoka mikononi mwa Waislamu 1492, lakini maandishi yapo. Mimi mtoto wa madrasa ya Kariakoo niliyasoma mwenyewe, machozi yakanitoka. Kisha shuka kwa njia ya mteremko ya Cuesta de los Chinos, vuka mto Darro, panda Albaicín hadi San Nicolás, pale pa kutazamia mandhari, kabla ya magharibi.

Swali: Ahsante kaka. Viatu?

Jibu: Raba. Vichochoro vya kule ni kokoto, zinateleza.